Kitambaa cha Meza Kilichogandia Injini ya Sitara

Gari limefika! Pikapu ya mwanangu Sitara imefika, nyeupe pee, ina maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna mtu Mtaa wa Narung'ombe mzima anayeweza kuyasoma na mimi nimekataza yasifutwe, na sasa ndiyo nakusalimu, Dada Hyasinta, hujambo, wa nyumbani kwako hawajambo, maana ningeanza na salamu ningepasuka.

Mimi ndiye mama yake. Ukija Kariakoo ukauliza Sitara wa vyombo, hata muuza kahawa atakupeleka hadi dukani kwake, hotpoti, seti za sahani zenye ukingo wa dhahabu, birika zinazopiga mluzi, vyote anavifuata mwenyewe Dubai kwa ndege, anapanda na kushuka kama mimi ninavyopanda ngazi za jirani, na wakati ule wa foleni za sabuni, alipokuwa mtoto wa shule namtuma akanishikie nafasi kabla jua halijatoka, nani angeniambia kwamba huyu huyu atakuja kuagiza gari Japani kwa jina lake, si la mume, si la mjomba, lake mwenyewe. Mimi shule niliishia la nne, siyo siri, lakini huyo nimemzaa mimi na akili ile hakuiokota barabarani.

Sasa naomba unishike mkono, mshauri wangu wa gazetini, maana nimeharibu, na nilivyoharibu hakuna anayejua ila Mungu na Champaben.

Champaben ni jirani yangu, ana duka la nguo, anakaa ghorofani juu ya duka, tumelea watoto pamoja tukipeana chumvi dirishani, na nyuma ya duka lake kuna ua wenye geti la chuma, ndiyo maana gari likawekwa huko. Aliyelileta ni Marcelino, wakala anayemtolea Sitara mizigo bandarini, kijana mstaarabu, mwembamba, hachelewi wala hadanganyi, akaliendesha mwenyewe kutoka bandarini mpaka uani kwa sababu Sitara yuko safarini, na kabla hajanywa hata maji akafungua boneti.

"Mama, njoo uone. Injini safi hii! Unaweza kula wali humu ndani."

"Wali utaula nyumbani, mwanangu," nikamwambia, "funga hilo nisije nikalitia kijicho mimi mwenyewe."

"Tuiache wazi kidogo ipoe. Nimesota nayo kwenye foleni ya malori, ina moto kama tanuri."

Nikasikia, dada, siwezi kusema sikusikia, masikio yangu mazima, ila nilisikia kama unavyosikia redio ya jirani. Marcelino akala pilau, akaongezwa, akaaga, akaondoka zake, na mimi nikabaki peke yangu na gari.

Wewe kwa jina lako labda si mtu wa pwani, kwa hiyo nikueleze. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi hakijafukizwa. Nguo ya sikukuu unaitandaza juu ya tundu la fito, chetezo chenye makaa unakiweka chini, udi na ubani vinapanda, moshi unanaswa mle mle ndani ya nguo mpaka mtu akipita mbele yako anageuka. Bibi harusi tunamfukiza, mtoto mchanga tunamfukiza, chumba cha mgeni tunakifukiza, sasa gari, gari ambalo macho ya Kariakoo yote yatalipiga, liachwe hivi hivi? Nikafukiza viti. Nikafukiza na bodi la nyuma la kupakilia mizigo. Kisha roho ikaniambia, viti siyo gari, gari ni injini.

Basi nikakiweka chetezo chini ya gari, upande wa mbele, moshi ukapenya ukapanda vizuri, lakini kwa kuwa juu ni wazi ukawa unapaa bure kwenda kwa Champaben, na udi wenyewe ule wa sikukuu, siyo wa kuchezea, nikaona haiwezekani, nguo tunaikusanyia moshi na hii tuikusanyie. Nikaingia ndani nikatoa kitambaa changu cha meza, cha plastiki, kina maua mekundu, Sitara aliniletea safari yake ya kwanza kabisa ya Dubai, nakitandika siku za wageni tu, nikakitandaza juu ya injini nikakichomeka pembeni kama chandarua. Moshi ukatulia. Nikasimama nikamwombea mwanangu, apate wateja wenye maneno machache, asafiri salama, mahasidi wapofuke. Nikajisifu moyoni, nikasema Wajapani wenyewe hawajafikiria jambo hili.

Mara harufu ya udi ikabadilika.

Champaben akatoa kichwa roshani. "Mama Sitara! Unapika nini kwenye gari?"

"Sipiki, nafukiza!"

"Udi gani huo unanuka ndala?"

Kutazama, maua yangu yanazama, dada. Kitambaa kimelala juu ya zile bomba za ekzosi, kinarembuka, kinaingia kama siagi kwenye mkate wa moto. Nikakivuta, kikavutika kamba kamba, nikapata nusu mkononi na nusu ikabaki, nyingine kwenye ekzosi, nyingine kwenye kile kifuniko cheupe cha juu ya injini, ikapoa hapo hapo ikawa ngumu kama ukucha. Nikakimbia nikaleta kisu cha kupalia samaki nikakwangua, wapi, haikutoka ila punje mbili tatu, na kile kifuniko kikapata mistari kama paka amekipigia kucha. Nikaogopa. Nikafunga boneti, nikaenda kuoga, nikajiambia kwamba chuma ni chuma, kitajua chenyewe.

Kesho yake mdogo wangu Mbaruku akaja na rafiki zake kuwaonyesha gari la mpwa wake, ndiye niliyemwachia ufunguo, akaliwasha, na hazikupita dakika moshi mweusi unatoka kwenye boneti na harufu imefika hadi barabarani. Mbaruku ana sauti, utamsikia kutoka Mnazi Mmoja.

"Lami!" anapiga kelele. "Dada, hii lami! Gari jipya lina lami? Na hii mikwaruzo je? Huyu Marcelino amebadilisha injini bandarini, ameuza ile nzuri akakuwekea gunzi!"

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, na mdomo ninao, majirani watakwambia, lakini walikuwepo wale rafiki zake, na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimesimama barazani nawaambia kwamba mwanangu ana gari lisilo na doa, nikasema, "Kwani bandarini si kuna mambo mengi." Basi. Hayo tu. Na hayo yalitosha.

Maana jioni Sitara alipiga simu kwa Champaben, ndipo penye simu, tukaitwa wote.

"Shikamoo mama. Gari zima?"

"Marahaba mwanangu, zima, na linapendeza mpaka..."

Mbaruku akaninyang'anya simu. "Mjomba wako hapa! Umeingizwa mjini, Sitara! Marcelino kakupiga! Injini imekwanguliwa, imepakwa lami, inafuka moshi!"

Champaben alikuwa amekaa kwenye kochi lake, ananitazama. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Na ile simu ina sauti, tukamsikia Sitara sote, anaongea polepole kama anavyoongea akiwa ameumia.

"Basi mjomba, msigombane naye. Nikirudi nitawaambia wenzangu wote wa vyombo, kila mtu aondoe mizigo yake kwa Marcelino. Mtu aliyeniibia mimi hatashindwa kuwaibia wao."

Dada Hyasinta, wale wenzake ndio wanaomlisha Marcelino.

Sasa Sitara anarudi Ijumaa. Jumapili tuna dua ya gari, nimealika Narung'ombe yote, na wa Mchikichini wamesikia nao wanakuja, na kwa kinywa changu niliahidi boneti itafunguliwa kila mtu aone injini. Na Mbaruku amesema Alhamisi anakuja na petroli, tindo na brashi ya waya, atawasha gari mpaka lipate moto, amwage petroli, agonge hiyo lami mpaka itoke. Rafiki yake mmoja anasema petroli ya nini, gari likishapata joto limwagiwe ndoo ya maji baridi, plastiki, samahani, lami, itajibandua yenyewe kwa mshtuko.

Ninachoomba ni mambo mawili. Kwanza nifundishe kuitoa kabla ya Mbaruku, bila kuumiza injini ya mwanangu, maana hiyo pikapu ndiyo itakayombebea vyombo, na kuna watu wameshamwekea kazi za kuwabebea. Pili, nikishaitoa, ninyamaze? Moyo wangu unaniambia plastiki ikitoka na maneno yatatoka, kesi itakuwa haina ushahidi, na Marcelino mji ni mkubwa atapata wengine. Lakini kila nikipita kwa Champaben ananiuliza kitu kimoja tu, "Mama Sitara, meza yako leo iko uchi?" kisha anaendelea kupima kitambaa.

Jibu upesi, na jina langu usilitaje, ni aibu. Andika tu:
Mama Mwenye Gari, Kariakoo.

*

ANAJIBU DADA HYASINTA

Wasomaji, barua hii mama aliileta mwenyewe ofisini kwetu, amevaa vizuri, ananukia udi, akamwachia bawabu na onyo asiikunje. Nilipofika kwenye neno tindo niliona haiwezi kungoja gazeti. Nilimpelekea jibu siku ile ile, na hili ndilo jibu lenyewe.

Mama, hongera ya gari. Umelea. Sasa kaa chini nikugombeze.

Nilitoka na barua yako hadi mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya fundi Mwinyimvua, ambaye hulitibu gari letu la magazeti, nikamsomea akiwa amelala chini ya lori. Tulipofika kwenye kitambaa cha meza alicheka mpaka spana ikamdondokea kifuani. Tulipofika kwenye chetezo akatoka chini ya lori.

"Rudia hapo," akasema. "Makaa ya moto? Chini ya injini? Na mpira wa petroli unapita pale pale?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mwambie huyo mama, ile dua aliyosoma ilijibiwa siku ile ile. Gari halikuwaka."

Kwa hiyo neno la kwanza ni hilo, na silirudii: gari ufukize viti vyake, milango wazi, chetezo mkononi, ukimaliza kitoke. Injini usiipelekee moto hata siku ya harusi. Pale ulikuwa huchezei kitambaa, ulikuwa unachezea nyumba yako, ua wa Champaben na wewe mwenyewe.

Pili, mzuie Mbaruku. Mnyang'anye ufunguo, ukalie, ulalie, najua unaweza. Petroli juu ya ekzosi ya moto ni moto, haina jina jingine. Na ndoo ya maji baridi ni hasara: chuma kilichoshika joto ukikishtua kwa maji kinaweza kupasuka, na hapo ndipo mtakapokuwa na injini mbovu ya kweli. Tindo na brashi ya waya zitakula kile kifuniko cheupe, ambacho ni alumini, laini kama sufuria zako. Mikwaruzo ya kisu chako Mwinyimvua anasema ni ya juu juu, haivujishi kitu, inakuaibisha tu. Na ikuaibishe.

Sasa sikiliza namna ya kuitoa, na usiogope, maana kazi hii unaijua kuliko unavyodhani. Wali ukishika ukoko kwenye sufuria nzuri, unafanyaje? Unachukua panga? Hapana. Unaulainisha, kisha unapitisha mwiko. Basi ni hivyo hivyo. Gari liwe uani, hewa inapita, liwashwe lingurume kidogo tu, mpaka plastiki ianze kulegea. Ikianza kufuka moshi mmepitiliza. Zima, chomoa ufunguo, na fundi afungue waya wa betri, kwa sababu feni ya magari haya inaweza kujiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na mtandio wako ni mrefu. Ufunge kichwani, mikono ya gauni uikunje. Vaa glavu nene za kazi, za ngozi, usije na zile za mpira ukaongeza plastiki juu ya plastiki. Chukua mwiko wa mbao uliozeeka, uchongwe ncha iwe bapa, usukume taratibu, na kila linalokuja ulifute kwa tambara la pamba. La pamba, mama. Nailoni isisogee. Ikianza kuwa ngumu usishindane nayo, ipashwe tena kidogo, urudie.

Ukishatoa mabonge itabaki ngozi nyembamba. Hiyo iache mpaka injini ipoe kabisa, uweze kuweka kiganja na kukisahau hapo. Ndipo uchukue dawa ya kufutia rangi ya kucha, kidogo tu kwenye tambara, upanguse chuma peke yake. Isiguse nyaya, wala mipira, wala rangi ya gari, maana inaila, na isikaribie moto wa aina yoyote, hata kiberiti cha mvuta sigara anayechungulia. Kwenye bomba za ekzosi, ambazo ni chuma kigumu, unaweza kusugua kwa ule waya laini wa kusugulia sufuria, lakini kwenye alumini usithubutu. Dawa ikauke yote kabla hamjawasha. Kitakachobaki kwenye ekzosi kitajiunguza chenyewe siku za mwanzo, mwendeshe na vioo wazi na msisimame kunusa ule moshi, ni sumu. Na kabla ya yote Mwinyimvua aangalie kama kuna waya au mpira ulioyeyuka, maana huo haukwanguliwi, unabadilishwa. Nimemwomba aje kesho asubuhi. Amesema yeye atasimama pembeni, mwiko ushike wewe.

Hilo la injini limekwisha. Sasa lako.

Umeniuliza unyamaze. Mama, usinyamaze mtu akichafuliwa jina. Plastiki ikitoka, Marcelino hatoki nayo; yeye atabaki amegandia midomoni mwa watu, na hapo hakuna mwiko wala dawa ya kucha. Alikula pilau yako akakwambia injini ina moto. Alikwambia! Halafu mdogo wako akamwita mwizi mbele yako, na wewe ukasema bandarini kuna mambo mengi. Mambo yalikuwa uani kwa Champaben.

Nakuelewa. Umemlea mtoto kwenye dhiki, leo ana gari, na furaha imekufikisha mahali ambapo hutaki doa lolote, hata lile ulilotia mwenyewe. Mimi pia nina mama. Lakini Sitara ana kitu kimoja kikubwa kuliko pikapu, nacho ni neno lake kwa wenzake sokoni. Akisema fulani kamwibia, wanamwamini. Siku wakijua kwamba alimsingizia mtu, na Champaben hatakosa siku ya kuteleza ulimi, ataaibika yeye, siyo wewe. Unataka kumlinda mwanao au unataka kujilinda kwa mgongo wake?

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Leo hii panda ngazi za Champaben, mwombe simu, umpigie Sitara huko huko alipo, umwambie kwa mdomo wako kabla hajapanda ndege. Kisha mwite Mbaruku na wale rafiki zake, wote, si mmoja mmoja, useme mbele yao kama ulivyonyamaza mbele yao. Kisha Marcelino. Huyo usimtumie mtu, mfuate wewe. Na siku ya dua yeye ndiye afungue boneti.

Na jina. Umeomba nisikutaje, ukajiita Mama Mwenye Gari, Kariakoo, ukaniandikia na maandishi ya Kijapani mlangoni. Mtaa mzima utakujua kabla hawajamaliza mstari wa pili. Niruhusu nichape majina yote kama yalivyo, lako na la Marcelino, ili waliosikia lami wasome kitambaa cha meza. Usiponiruhusu, barua nitairudisha. Ukiniruhusu, nitakuja kula.

Wako,
Dada Hyasinta.

*

Mama alijibu kabla hatujapeleka ukurasa huu kiwandani. Naye namwachia nafasi iliyobaki.

Imetoka! Imetoka yote, Dada Hyasinta, hujambo, nakuandika mkono bado unanuka ile dawa ya kucha, nilimwomba binti wa saluni akanicheka, nikamwambia ni ya injini akafikiri nimechanganyikiwa. Chapa majina yote. Andika Mama Sitara wa Narung'ombe, na lisipunguzwe hata herufi.

Fundi wako Mwinyimvua alikuja, mtu wa heshima, ananikumbusha marehemu baba, akakagua nyaya akasema zimenusurika, akafungua waya wa betri, akaniachia. Nilitumia mwiko wangu wa pilau la shughuli, ule mrefu, nimeupikia harusi nyingi, akauchonga ncha, roho iliniuma, lakini dada, ulivyosema ni kweli, ni ukoko mtupu, ukiuharakisha unakushinda, ukiusubiri unanyanyuka wenyewe. Bonge moja lilitoka zima na ua lake. Fundi akasema, "Mama, ukichoka na pilau njoo Gerezani." Nimeshawaambia watu wote maneno hayo.

Sitara nilimpigia siku ile ile. Nikamweleza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "umelifukiza gari?"

"Nimelifukiza."

"Kwa kitambaa changu cha Dubai?"

"Kile kile."

Akakasirika, sitaki kukuficha, akaniambia nimemfanya amdhulumu mtu, na hakucheka kama nilivyotumaini. Mwisho akasema, "Nenda kwa Marcelino leo, mama. Mimi nikirudi nitapita kwake kabla ya kuja nyumbani." Champaben alikuwa kwenye kochi. Nilipoweka simu akainuka akanikumbatia, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi.

Mbaruku na rafiki zake niliwakusanya barazani nikawaambia. Mbaruku alitafuta pa kuweka macho. Akasema, "Mimi mwenyewe nilihisi siyo lami." Nikamwambia, "Mbaruku, nyamaza, tunaenda wote."

Tukamkuta Marcelino nje ya geti la bandari na makaratasi yake kwapani. Maneno yalikuwa yameshamfikia, dada, nilimwona usoni, kuna mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshachukua mizigo yake. Nikamweleza yote nimesimama pale pale, makuli wanasikia. Mbaruku akamshika mkono akamwomba radhi, na baadaye akaenda naye kwa yule mfanyabiashara kusema hivyo hivyo, kwa sauti yake ile, kwa mara ya kwanza imefaa. Marcelino akahamishia makaratasi kwapa la pili, akatikisa kichwa.

"Mama, nilisema unaweza kula wali humo ndani. Sikusema utandike meza."

Nikacheka mpaka nikalia, nikalia kweli.

Kwa hiyo injini iko safi, mikwaruzo ipo, nitaionyesha kwa kidole na kueleza ni ya nani. Na pembeni ya ekzosi limebaki ua moja jekundu dogo, Mwinyimvua anasema litajiunguza lenyewe, mimi naomba lingoje watu walione. Boneti atafungua Marcelino, Champaben analeta kitambaa kipya cha meza, cha pamba, na meza safari hii inatandikwa barazani. Wewe Dada Hyasinta ulishaahidi, mlete na Mwinyimvua, na kila anayesoma hapa asiseme hakualikwa, Narung'ombe ukifika fuata harufu ya pilau utaliona gari: Jumapili hii, baada ya sala ya adhuhuri.